Nyanya za Baba

Baba yangu alipopigwa na kiharusi, maneno yote yalimtoka likabaki moja, na hilo moja lilikuwa nyanya. Ukimwamkia, nyanya. Ukimuuliza kama anaumwa, nyanya. Akitaka maji alinyoosha mkono wa kushoto, ule uliosalimika, akasema nyanya, na akishapewa maji alishukuru kwa neno hilohilo. Mimi sikuwapo kuyaona haya. Nilikuwa Guangzhou, nasomea mambo ya viwanda vya nguo kwa ufadhili, na kila nilichokijua kuhusu ugonjwa wa baba kilinifikia kwa simu.

Simu yenyewe ilikuwa shughuli. Nyumbani Tanga hatukuwa nayo. Ilikuwako kwa jirani, muuguzi mstaafu, sebuleni kwake, juu ya kitambaa cha kufuma. Kila Jumapili, kwao asubuhi na kwangu jioni, mama alitangulia kwenda kukaa kando ya simu, na vijana wa jirani wakamleta baba nyuma yake, wamembeba juu ya kiti. Mimi nilikuwa nimejifungia kwenye kibanda cha kioo katika nyumba ya simu karibu na lango la chuo, mita ikikimbia mbele ya macho yangu, nikipayuka kama muuza samaki.

"Shikamoo, baba!"

"Nyanya," baba alijibu.

Mara ya kwanza nilicheka. Mungu anisamehe, nilidhani ananitania, maana utani ulikuwa jadi yake. Mama alipochukua simu akaniambia kwamba ndivyo alivyo sasa, nililia mle kibandani mpaka mama wa Kichina aliyekuwa akisubiri zamu yake akanifungulia mlango na kunipa karatasi laini za kujifutia.

Mama yangu si mtu wa kukaa akiwaza. Mgonjwa kasema nyanya, basi apewe nyanya. Alimkatia kachumbari, akampikia mchuzi, akamchomea kwenye makaa na kummenyea ganda, akamkamulia maji yake kwenye kikombe. Baba alifumba mdomo akageuzia uso ukutani. Kesho yake alisema tena nyanya, na mama akashika tena kikapu.

"Mwanangu, nimemtafutia za Lushoto, zile nzurinzuri," alinilalamikia kwenye simu. "Kazisukuma na sahani yake. Sasa huyu anataka nyanya za wapi?"

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa na tafsiri nyingine. Baba alilelewa na bibi yake, na bibi huyo kwa desturi ya zamani walimwita nyanya. Alikwishakufa kabla mimi sijazaliwa. Kwa shangazi mambo yalikuwa wazi: mdogo wake anamwita marehemu, na mgonjwa akianza kuita marehemu si wa kukaa. Alitaka isomwe Yasini. Alitaka niitwe nyumbani haraka nimwone baba yangu. Siku aliyoniambia hivyo mwenyewe kwenye simu nilimjibu vibaya, kwa sauti ambayo mtoto hamjibu nayo shangazi yake, halafu nikakata.

Nilikuwa na hasira kwa sababu nilijua siwezi kwenda. Ufadhili ulikuwa na tiketi mbili tu, ya kuja na ya kurudi, na ile ya kurudi ilikuwa ya siku ya kumaliza. Usiku nilikuwa nikilala na neno lile. Nilitaka kitu kimoja, kujua baba anasema nini kabla hajaondoka. Kama ni kweli anamwita bibi yake, basi nijue. Kama ni njaa, nijue. Niliona ni uonevu mtu atumie pumzi zake za mwisho kusema jambo moja, na sisi sote, pamoja na masomo yetu, tuwe tunamletea kachumbari.

Na kama vile Mungu anapima moyo wangu, chakula changu cha kila siku kilikuwa nyanya. Katika bwalo la chuo hukujua kipi kina nguruwe na kipi hakina, kwa hiyo mimi nilikimbilia mayai yaliyokaangwa na nyanya, mchana na jioni. Mpishi alikuwa ameshanizoea. Akiniona mlangoni tu anapakua. Baada ya ile simu ya kwanza nilianza kuzitoa zile nyanya kwa vijiti na kuzipanga ukingoni mwa sahani, nikala mayai peke yake.

Lazima niseme kidogo juu ya baba alivyokuwa. Mimi nilimkuta karani wa bohari, mtu wa suruali iliyopigwa pasi na kalamu mfukoni. Lakini ujanani mwake alikuwa mwimbaji wa bendi ya dansi hapo Tanga, na kazi yake katika bendi ilikuwa kopi. Zilikuwa zikija santuri kutoka Kuba, na vijana wa bendi wakakaa nazo kwenye gramafoni mpaka sindano inalika. Hakuna aliyejua Kihispania. Baba aliyashika maneno kwa sikio, kipande kwa kipande, hata kikohozi cha mwimbaji alikikopi. Watu walicheza, wakadhani anajua anachosema.

Halafu upepo ukageuka. Zikatakiwa nyimbo za Kiswahili, nyimbo zetu wenyewe, na kopi likawa neno la kejeli. Baba hakuwa mtunzi. Alijaribu kutunga akatoa wimbo mmoja ambao mama mpaka leo akiukumbuka hucheka mpaka ashike mbavu. Wenzake walisonga mbele, yeye akaenda bohari. Watu walipomtania kwamba hakuwahi kuwa na wimbo wake, alikuwa akijibu bila kununa: "Mimi nilikuwa mkopi. Na ukikopi vibaya umemtukana mwenye wimbo. Sikumtukana mtu."

Uimbaji ulibaki wakati wa kunyoa ndevu. Asubuhi alisimama mbele ya kioo kilichotundikwa kwenye msumari wa dirisha, mashavu meupe kwa povu, akaimba wimbo mmoja wa polepole, uleule kila siku. Maneno yalikuwa yamesuguliwa na miaka mpaka yakawa vumo tu, kipande mdomoni, kipande puani, akikwepa wembe. Mimi utotoni niliamini ni lugha ya kunyolea ndevu. Nilidhani kila mwanaume akikua anafundishwa.

Sasa nirudi Guangzhou. Mwishoni mwa juma nilikuwa nikimtafsiria mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo, mtu mzima, mcheshi, aliyekuwa akifikia hoteli ya bei nafuu huko Xiaobei na kununua suruali za jinzi. Jumamosi moja tulishinda Xintang kwenye karakana za jinzi, vumbi la buluu mpaka kwenye kope, na jioni akanirudisha kwa teksi mpaka langoni mwa chuo. Pale kando ya njia alikuwako kijana aliyeuza CD kwenye boksi la katoni. Zilikuwa CD za kukatwa. Zilikuja China kama takataka za plastiki kutoka nchi za watu, na kabla ya kuja zilipigwa msumeno ukingoni ili zisiuzike. Zikauzika vilevile. CD inaanza kuimba kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo msumeno ulikula wimbo wa mwisho, au mbili za mwisho ukiwa na bahati mbaya, na sisi wanafunzi tulikubali hasara hiyo.

Niliokota moja kwa ajili ya picha yake. Kijana mzuri wa Kilatini, shati jeupe, amekaa sakafuni kando ya gramafoni ya zamani. Ndani yake kulikuwa na kijitabu, na kila wimbo ulikuwa na picha ndogo ya mtu mwingine, wazee wa zamani, rangi nyeusi na nyeupe. Mmoja wao, wa mwisho, alivaa koti jeupe na tai ya kipepeo, masharubu membamba kama uzi. Nyumbani kwetu ukutani kuna picha ya baba na bendi yake, na koti ni lile, na masharubu ni yale. Nilisimama pale nikaitazama.

"Hebu nione," mfanyabiashara wangu alisema, akaigeuzageuza. "Huyu kijana ndiye anaimba? Na hawa wazee?"

"Nadhani ni nyimbo zao. Yeye anazirudia."

"Basi kopi! Sister, Guangzhou nzima hii tunahangaika na kopi, wewe umetafuta kopi nyingine, tena iliyopigwa msumeno!" Akamgeukia kijana muuzaji. "Laoban! Tai gui, tai gui!"

Laoban ni bosi, tai gui ni kusema bei ghali, na hicho ndicho Kichina chote alichokuwa nacho. Kijana hakuwa hata ametaja bei. Alicheka, na mimi nikanunua.

Chumbani nilikuwa nikikaa na msichana wa Peru. Tulizungumza Kichina, kibovu cha kwangu na kibovu cha kwake, na vibovu viwili vilielewana vizuri kuliko nilivyoelewana na walimu. Alikifungua kile kijitabu akasoma. Alimjua kijana, kwao anapendwa, alisema. Wale wazee hakuwajua wote. Mmoja au wawili aliwasikia kwa bibi yake. "Hawa ndio waliomfundisha," alinieleza. "Hawakumfundisha darasani. Aliwasikiliza. Sasa anawarudishia nyimbo zao kuwaambia ahsante."

Jumapili ile mchana ilinyesha mvua, nguo zetu zimening'inia kamba nzima chumbani hazikauki. Tuliweka CD tukawa tunapiga pasi. Sitasema uongo, nyingi hazikunigusa. Ngoma za mashine, kinanda kila mahali, kijana analalamika kwa sauti tamu. Mwenzangu alikuwa akiimba naye na kunyanyua mabega. Mimi nilikuwa nikiwaza simu ya jioni, shangazi atakuwapo au hatakuwapo.

Wimbo wa mwisho ukaanza. Hapa kijana aliacha mashine zake zote. Gitaa peke yake, polepole, na baada ya gitaa kupiga mara ya pili niliisikia harufu ya sabuni ya kunyolea ya baba. Nasema niliisikia, kwa pua. Pasi niliiacha juu ya gauni. Ulikuwa ni wimbo wa kiooni, wa dirishani, wenye mipando na mishuko yake yote, hata pale ambapo baba alikuwa akinyamaza kidogo nikidhani anakwepa wembe. Kumbe wimbo wenyewe unanyamaza pale.

Kijana akaimba ubeti wa kwanza, akaufikia mwito, akasema manyana, na CD ikafika kwenye jeraha la msumeno. Ikakwama. Nyana. Nyana. Nyana. Nyana.

Mwenzangu alinyoosha mkono azime. Nilimkamata mkono. "Usizime!" nilimpigia kelele kwa Kiswahili, kama vile ni mdogo wangu wa nyumbani. Alinitazama kwa hofu. Gauni lilikuwa linaungua.

"Hilo neno," nilimuuliza nilipokipata tena Kichina changu. "Hilo analosema. Ni nini?"

"Manyana? Mingtian," alinijibu. Alishangaa kwamba jambo lenyewe ni dogo namna ile.

Mingtian. Nilikuwa nikilisikia kila siku ya Mungu, kwa walimu, kwa wauza duka wanaokwambia rudi mingtian. Maana yake kesho. Nilikaa juu ya kitanda nikalirudisha mpaka Kiswahili, kesho, kesho, na nikamwona mama anashika kikapu kwenda sokoni.

Nilimweleza mwenzangu yote, nikilia na kucheka. Yeye alinitafsiria ule ubeti mmoja uliosalimika. Kuna mtu yuko mbali na kwao, anawaambia wasifunge mlango, kesho anarudi. Zaidi ya hapo msumeno ulikuwa umekula.

Jioni tulikwenda wote wawili kwenye nyumba ya simu, yeye amebeba redio ya CD ya betri aliyoiazima chumba cha jirani, imefunikwa mfuko wa nailoni kwa mvua. Mwenye nyumba ya simu alitukunjia uso, akatuacha. Tulijibana ndani ya kibanda kimoja. Mama alipokea.

"Mama, mpe baba simu. Usiulize. Mshikie sikioni."

"Shangazi yako yuko hapa, anataka..."

"Mama, tafadhali. Mpe baba."

Nilisikia kiti kikiburutwa. Nilisikia pumzi yake. Nikamwamkia, akaniitikia nyanya, na mimi nikampa ishara mwenzangu. Gitaa likaanza. Nilikuwa nimeshikilia mkono wa simu mbele ya spika, naogopa hata kumeza mate. Kijana akaimba ubeti wake, akafika kwenye mwito, CD ikakwama. Nyana, nyana, nyana. Mwenzangu akazima.

Mita ikakimbia. Nikaweka simu sikioni nikadhani nimeharibu, nimemtesa bure mgonjwa.

Halafu baba akaanza kuimba. Alianzia palepale msumeno ulipokata, hakurudi nyuma hata neno. Sauti ilikuwa nyembamba na mdomo ulikuwa umekwenda upande, lakini maneno yalikuja, yalikuja mengi, yeye ambaye hakuwa na neno hata la kuombea maji. Aliimba ubeti wa pili akaimba wa tatu, akanyamaza pale pa wembe, akaendelea mpaka mwisho, akaushusha polepole kama alivyokuwa akiushusha mbele ya kioo. Mwenzangu alikuwa amebandika sikio lake upande wa pili wa simu, shavu lake kwenye mkono wangu. Kule sebuleni kwa jirani nilimsikia shangazi akitaja jina la Mwenyezi Mungu.

Mama aliichukua simu.

"Kumbe alikuwa anaimba," alisema. "Mwanangu, nimemlisha nyanya miezi yote hii, kumbe mwanaume alikuwa anaimba."

Nilimweleza neno ni nini. Nilimweleza kwamba wimbo ni wa mtu anayewaahidi wa kwao kwamba kesho anarudi. Mama alirudia kesho mara nyingi, halafu akasema ngoja nikupe mwenyewe, na baba akaniaga kwa neno lake. Nikamjibu: "Ndiyo, baba. Nyanya."

Tulipokuwa tukirudi chuoni kwenye mvua nilimshika mwenzangu mkono nikamuuliza wimbo unakwishaje. Wewe umesikia, beti zote. Huyo mtu anarudi au harudi? Alifikiri njia nzima. "Sijui," alisema mwisho. Maneno ya baba yalikuwa yamechakaa mno. Alishika neno hapa na neno pale, usiku, mlango, mama, na mengine hayakuwa Kihispania wala kitu chochote. Lakini wimbo ulikuwa kamili, alisema, hakuna sauti iliyopotea. Nilikumbuka kile kijitabu cha kijana na picha za waliomfundisha. Baba naye alikuwa ameshukuru vilevile maisha yake yote, mbele ya kioo, bila mtu wa kumchapia kijitabu.

Ugonjwa haukuondoka kwa sababu ya wimbo. Maneno mengine hayakurudi. Lakini mama aliacha kikapu, na kila asubuhi alimketisha mbele ya kioo cha dirishani, akampaka povu na kumnyoa mwenyewe, na akiwa ananyolewa baba alikuwa akiimba. Jumapili aliniimbia vipande kwenye simu. Sisi tuliagana kwa neno letu. Nilihesabu mihula iliyobaki nikawa namwambia kwa Kiswahili safi, baba, kesho narudi, na sikuwa namdanganya, nilimaanisha kesho ya kwenye wimbo.

Alifariki nikiwa nimebakiza muhula mmoja. Mama anasema alimwamkia asubuhi ile, naye akasema nyanya, na mama akamjibu kesho, inshallah, akaenda kuchemsha maji ya kunyolea. Aliporudi na beseni, baba alikuwa amekwishaondoka. Mama anashukuru kwamba asubuhi ya mwisho alimjibu, hakumletea kachumbari. Mimi nashukuru hivyo pia, nikiwa sijakasirika. Nikiwa nimekasirika nafikiria ile tiketi moja ya kurudi.

Nilirudi na CD ile ndani ya nguo, na ninayo mpaka leo. Watu wameniambia mara nyingi kwamba siku hizi wimbo wowote unapatikana, niutafute mzima, nijue huyo mtu alirudi kwao au hakurudi. Sijautafuta. Siku moja moja, nyumba ikiwa tupu, naiweka CD, naruka nyimbo zote mpaka kwenye gitaa. Kijana anaimba ubeti wake, anafika kwenye mwito, inakwama palepale. Naizima, halafu nakaa kimya kidogo, nampa baba nafasi.